Karakana ya Mwanakwerekwe iliyonifungia umeme wa mashine za Bitcoin

Nianze na hukumu, maana najua wengi mna haraka. Ukitaka mtu wa kukufungia nyumbani hapa Unguja mashine za kuchimba Bitcoin, yaani kompyuta zinazokisia namba usiku na mchana ili zilipwe sarafu hiyo ya kidijitali, na unataka nyumba yako ibakie salama, nenda kwa mafundi hawa wa Mwanakwerekwe. Kazi yao ya umeme naipa nyota tano bila ya kusita. Mashine zenyewe, kama njia ya kupatia riziki kwa umeme wa mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, sizipi hata mbili, na wa kwanza kuniambia hivyo walikuwa wao wenyewe, kabla hawajapokea hata shilingi yangu.

Karakana haina bango. Ipo mitaa ya nyuma ya soko, kwenye mafundi wa feni na pampu za maji. Wapo wawili: mtu mzima ambaye kazi yake ya miaka yote ni umeme wa majumbani, na kijana wake anayeshughulika na kompyuta. Mkubwa nitamwita Fundi, mdogo nitamwita Kijana, kwa sababu hawakuniomba niwatangaze na mimi si mtu wa kuanika majina ya watu.

Mimi nasomesha hisabati skuli ya sekondari na nakaa Fuoni. Mwanangu yupo Omani kikazi. Yeye ndiye aliyezileta mashine, zote za mtumba: Antminer S9 moja, iliyotengenezwa kwa kuchimba Bitcoin tu, na kompyuta ya fremu ya chuma yenye kadi za picha sita aina ya RX 580. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka nyumba ijilipie umeme na pabaki kidogo cha mboga.

Siku waliyokuja nilidhani watafungua maboksi. Hawakuyagusa. Fundi aliuliza mita iko wapi, akaenda moja kwa moja ukutani. Akaangalia waya unaoingia kutoka kwenye nguzo, akafungua kifuniko cha meni swichi, kisha akaomba kuingia chumba cha uani kilichokusudiwa mashine. Hapo alizima umeme, akatoa bisibisi, akafungua soketi moja na kuivuta nje. "Mwalimu, njoo uangalie mwenyewe." Ganda la waya mwekundu lilikuwa limegeuka kahawia karibu na skrubu, na alipoligusa kwa ncha ya kucha likapukutika. Soketi ile haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko pasi. Akanieleza kwamba skrubu ikilegea, waya unashika nusu nusu, na penye kushika nusu nusu ndipo joto linapozaliwa. Pasi inawashwa robo saa. Mashine ya kuchimba inawashwa usiku na mchana. Moto wa majumbani, akasema, mara nyingi unaanzia kwenye maungio kama haya.

Halafu akapima volti, mchana ule ikasoma 228. Akaniambia hiyo haimwambii kitu, atarudi baada ya Magharibi, watu wakishawasha taa, feni, friji na televisheni zao. Na kweli akarudi. Soketi ileile ikasoma 196. Hapa ndipo nilipompenda, kwa sababu hakuishia kusema umeme ni mdogo. Alichukua kalamu akanifanyia mgawanyo. S9 inakula takriban wati 1,320. Kwa volti 230 hiyo ni ampea zisizofika 6. Kwa volti 195 inakaribia 7. Pawasaplai ya mashine, kile kifaa kinachoilisha umeme, haikubali kupunguziwa wati zake. Volti zikishuka inavuta ampea nyingi zaidi ili ipate kilekile, na kinachochemsha waya ni ampea. Kwa hiyo saa ambayo umeme wa mtaa umelegea ndiyo saa ambayo waya wako unateseka zaidi. Nimesomesha mgawanyo miaka mingi, na sikuwahi kupata mfano mzuri kuliko huo.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ni hii. Alitoa laini mpya kutoka kwenye meni swichi mpaka chumba cha uani, peke yake, haichangii na soketi ya friji wala ya jikoni. Waya wa milimita 4 wa shaba tupu, sakiti breka ya ampea 20. Nilimuuliza kwa nini asitumie wa 2.5 ambao mafundi wengi huuweka kwenye soketi, na mashine zote pamoja hazifiki ampea 11. Akanielekeza juu darini. Waya unapita chini ya bati, na mchana wa kaskazi chini ya bati pana joto ambalo mtu hawezi kukaa. Waya uliomo ndani ya joto haubebi ampea zilezile unazobeba kivulini. Ekstensheni ya kuviringisha, ile ya gurudumu, aliikataza kabisa chumbani mle. Ikiwa imeviringishwa joto halina pa kutokea.

Kisha ikaja ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hapa ndipo penye maneno yangu mengi, maana ndipo mafundi wengine wanaporuka. Nyumba yangu ilikuwa na waya wa kijani na njano ndani ya soketi, safi kabisa kwa macho, lakini uliishia ukutani. Haukuwa umefungwa kwenye kitu chochote ardhini. Fundi aliwasha kompyuta ya kadi kwa muda mfupi, akaniambia niguse fremu ya chuma kwa mgongo wa kidole. Nikahisi kitu kinatekenya. Alisema huo ni umeme unaovuja kupitia vifaa vya kuchuja ndani ya pawasaplai. Ni kidogo na kwa kawaida hurudi kwenye ethi bila mtu kujua. Ethi isipokuwepo, unakaa kwenye chuma unamsubiri mtu mwenye miguu mitupu. Uani kwangu ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la matumbawe, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Kwa hiyo hakupigilia nondo pale pale penye mlango, kama nilivyotaka mimi kwa sababu ni karibu. Alizunguka mpaka nyuma, panapomwagwa maji ya kufulia, ambapo udongo ni mzito na hauishi unyevu. Akachimba shimo, akasimamisha fimbo ya ethi, akajaza makaa yaliyopondwa na udongo kuizunguka. Jirani yangu akapita akamwambia atie na chumvi, ndivyo walivyofanya kwao. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba chumvi inasaidia mwanzo, lakini inakula chuma, na bahari yetu inatosha kwa kazi hiyo. Alipopima kwa kifaa chake ikasoma chini ya omu 10. Nikaigusa tena ile fremu. Haikutekenya.

Kitu kingine nilichokuwa nimekinunua tayari, kwa ushauri wa muuza duka, ni friji gadi ya kuchomeka ukutani, kifaa cha kuikinga friji umeme ukipanda na kushuka. Fundi aliisoma nyuma: ampea 5. Akairudisha mkononi mwangu, akasema hii ni ya friji kweli. Mashine inayovuta karibu 6 mfululizo ingeiyeyusha. Badala yake aliweka ndani ya boksi la breka kinga ya volti inayokata umeme ukishuka chini ya 180 au ukipanda juu ya 250, na umeme ukirudi inasubiri dakika tatu ndipo inapofungulia. Wanaoishi hapa wanajua kwa nini hizo dakika zina thamani. Umeme ukikatika mtaa mzima, kila mtu anaacha swichi zake wazi, na unaporudi hurudi kwa kishindo, unapanda na kushuka kabla haujatulia. Vifaa vingi huungua kwenye dakika ya kurudi kuliko ya kukatika.

UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, alinikataza kuinunua, ingawa kijana wa dukani aliisifu sana. Ndogo za VA 650 haziwezi kubeba wati 1,320 hata kidogo. Na mashine hizi hazina kazi inayopotea zikizimika: umeme ukirudi zinaanza tena palepale.

Chumba. Kila wati inayoingia kwenye mashine inatoka kama joto, yote, haibaki ndani. Maana yake S9 ni jiko la umeme la wati 1,320 lisilozimwa, ndani ya mji ambao usiku wa Februari hata shuka moja inakuwa nyingi. Kijana aliiweka karibu na ukuta, feni ya kutolea ikitazama tundu walilolitoboa kuelekea nje, na hewa ya kuingia ikipita kwenye dirisha la upande wa pili. Tundu walilielekeza kaskazini ili mvua za kusi zisipige ndani, na wakalifunika kwa kibati kilichoinama. Pande zote mbili waliweka wavu. Nilidhani ni kwa ajili ya mbu. Kijana akasema ni kwa ajili ya mijusi: wanapenda joto, wanaingia usiku, wanalala juu ya bodi, na mkia mmoja ukigusa mahali pawili bodi imekwisha. Vumbi alinifundisha kulitoa kwa brashi laini, feni zikiwa zimeshikwa zisizunguke. Wenye nyumba za karibu na pwani wajue pia kwamba hewa ya chumvi inakula miguu ya kadi na pini za plagi. Wao wasafishe mara nyingi zaidi kuliko mimi wa Fuoni.

Makelele sitayaficha. S9 inanguruma kama mashine ya kukunia nazi ambayo mwenyewe kaisahau, na hainyamazi. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene za mawe pengine mtu atastahamili. Kwenye ghorofa za Michenzani, na jirani yuko upande wa pili wa ukuta, sidhani kama ni haki kumfanyia mtu hivyo.

Sasa Kijana na upande wake. Alisafisha mashine, akabadilisha feni moja, akaziunga na ruta kwa kebo badala ya waifai, akaziingiza kwenye kundi la wachimbaji linalogawana mapato kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. Intaneti inayotumika ni ndogo, bando la kawaida linatosha. Ilipofika kutengeneza waleti, yaani pochi ya kidijitali ya kuwekea Bitcoin, maneno 24 ya siri ya kuifungulia yalipotokea kwenye kioo alinipa karatasi na kalamu, akageuza kiti akatazama mlangoni mpaka nilipomaliza kuandika. Akaniambia nisiyapige picha na nisimpe mtu yeyote, "hata mimi, mwalimu, hata nikija siku nyingine nikasema nimesahau kitu." Kijana wa umri ule kuwa na adabu hiyo kwenye pesa za mtu, mzazi wake anastahiki pongezi.

Lakini niseme alichofanya kabla ya yote, siku ya kwanza, kwa sababu ndicho kilichoniamulia kuandika haya. Alimpigia mwanangu Omani kwa video, mimi nikiwa pembeni, akamfanyia hesabu nyuma ya kalenda. Hiyo ilikuwa katikati ya 2024. Bloku ya Bitcoin, kama ukurasa mmoja wa daftari lake la miamala, hupatikana kama kila dakika 10, ni 144 kwa siku. Tangu Aprili 2024 kila bloku hutoa Bitcoin 3.125 badala ya 6.25, ikawa 450 kwa dunia nzima kwa siku. Hizo zinagawiwa kwa nguvu ya kila mashine. Nguvu ya mtandao wote wakati huo ilikuwa kama exahashi 600, na exahashi moja ni terahashi milioni moja, kila terahashi ikiwa makisio trilioni moja kwa sekunde. S9, mashine ya 2016, ina terahashi 13.5. Gawanya, zidisha: unapata Bitcoin 0.00001 kwa siku. Kwa bei ya dola 60,000 ni senti 60 za dola, shilingi 1,500 na kitu. Na kwa siku hiyohiyo mashine imekula uniti 31 na zaidi. Ili usile hasara, uniti moja ingebidi uipate kwa shilingi 50. Kwa matumizi ya namna hii hakuna anayenunua Tukuza kwa bei hiyo. Niliirudia hesabu usiku kwa mkono wangu, ikatoka vilevile. Na tangu hapo mtandao umezidi kukua, kwa hiyo fungu la S9 limezidi kupungua.

Za kadi sita alisema kwa ufupi: zilikuwa na maana wakati wa Ethereum, sarafu nyingine ya kidijitali, na Ethereum iliacha kuchimbwa tarehe 15 Septemba 2022. Zilizobaki za kuchimba kwa kadi hazirudishi umeme wake hapa.

Mwanangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, basi fungeni umeme vizuri, mengine tutaona." Angeweza yule Kijana kunyamaza, akafunga, akachukua pesa yake, nami nikaja kujua mwezi unaofuata kwenye Tukuza. Hakunyamaza. Kadi nne zimeuzwa kwa vijana wanaohariri video za harusi, mbili zipo kwenye kompyuta yangu ya kazi. S9 naiwasha siku nikileta wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne, wakaona kwa macho yao mashine inayokisia mara trilioni 13 na nusu kwa sekunde na bado fungu lake likawa na sufuri nne baada ya nukta. Vipeo vya kumi havijawahi kueleweka darasani mwangu kama siku ile.

Kwa anayefikiria mashine mpya, sikiliza la Fundi. Antminer S21 ina terahashi 200 na inakula wati 3,500. Kwa volti 230 hiyo ni zaidi ya ampea 15, na plagi yetu ya miguu mitatu imetengenezwa kwa 13. Haichomekwi kwenye soketi ya kawaida, kwa hali yoyote. Inataka laini yake, kebo yake nene na kiungio chake. Kwa hesabu ileile ya 2024 ilikuwa inatoa kama dola 9 kwa siku na kula uniti 84. Weka bei yako ya uniti hapo uone kilichobaki, ukikumbuka bado hujarudisha pesa ya kuinunua.

Fundi alinishauri pia nisiwashe vitu vyote saa za jioni hata kama waya wangu unaweza, kwa sababu transfoma ni ya mtaa. Nilimwelewa haraka. Mwaka 2008 tulikaa gizani kama mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 ikawa kama miezi mitatu, kwa sababu Unguja yote ilitegemea kebo moja ya baharini kutoka Ras Kiromoni ya Bara hadi Fumba. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kutafuta kwa ndoo, skuli tukasomesha watoto ambao usiku hawakuweza kusoma. Kebo ya pili ya megawati 100 ilipokuja 2013 hali ikabadilika, lakini mtu aliyepita miezi ile hawezi kuona umeme ni kitu cha kumwagwa ovyo.

Sheria nitaigusa tu. Benki Kuu ilitoa tangazo 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, Rais Samia akaiambia 2021 ijiandae kwa mabadiliko yanayoletwa na sarafu hizi, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Anayetaka kuuza apate ushauri wa mtu wa kodi.

Kasoro zao zipo na ni haki zisemwe. Ahadi ya saa mbili asubuhi inaweza kuwa saa nne. Risiti hawaandiki mpaka uombe, na niliyoiomba ilikuja kwenye karatasi ya daftari bila muhuri. Walipotoboa ukuta waliacha vumbi la saruji chumba kizima. Kijana alipiga ufagio mmoja akaridhika, mimi nikafuta siku ya pili. Vifaa hawauzi. Wanakuandikia orodha uende mwenyewe Darajani au Mlandege, na hilo lilinichosha, ingawa limenisaidia kujua bei ya kila kitu na kukagua shaba ya waya kabla ya kulipa: Fundi alinifundisha kukwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani urudishe, ni aluminiamu iliyopakwa. Duka la kwanza nililoingia waya ulikuwa mweupe ndani. Nikaurudisha.

Ufundi peke yake, pamoja na ethi na kazi ya Kijana, nililipa shilingi 180,000. Nusu mwanzo, nusu baada ya Fundi kurudi jioni nyingine, mashine zikiwa zimewaka saa kadhaa, akapitisha mkono kwenye kila soketi na kila breka kusikiliza joto.

Ukienda, nenda asubuhi, na si Ijumaa kwani wanafunga mapema kwa Sala. Chukua picha tatu kwenye simu: ya mita, ya ndani ya meni swichi, na ya lebo ya pawasaplai ya mashine yako. Bila ya lebo ile Fundi hataji bei.